Uzi Aliousokota Susu

Harufu ya makonge mabichi hunichefua, na sijali nani anajua. Wiki iliyopita mwenzangu mmoja kazini, mama mwenye roho nzuri sana, aliniletea kiondo kipya kama pole ya msiba, kwa sababu alisikia kwamba nyanya yangu alikuwa msukaji. Alinitazama nikikipokea kwa mikono miwili, akangoja nilie. Nilimshukuru vizuri. Kisha nikakitia ndani ya gunia, nikalifunga mdomo, nikalirusha stoo, na huko ndiko kiliko mpaka leo. Kikikaa wazi tu, ule unyevu wa makonge unapanda puani, na mimi narudi Ndithini, mtoto wa darasa la tano, nimesimama uani na shavu langu linawaka moto.

Ninyi rika langu mliolelewa na nyanya, najua mnavyowakumbuka. Kila mmoja wao akifariki mnaandika mtandaoni kuhusu uji wake na mikono yake na hadithi zake. Sawa. Labda wenu walikuwa hivyo. Mimi wangu nilimjua, na nimechoka kutikisa kichwa ninapoambiwa alikuwa malaika.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mama alikuwa akishona nguo kwenye kiwanda kimoja Athi River, na alikuja mwisho wa mwezi, mara nyingine hakuja. Baba sikuwahi kumwona. Kwa hiyo nilikuwa mimi. Na Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Ukambani. Na Uncle Kimeu, kaka yake mama, ambaye alikuwa bado hajaoa. Mimi nilipewa jina la Susu, Mwikali, na kwa desturi yetu mtu hamtaji ovyo mtoto aliyebeba jina la mama yake. Uncle aliniita Mwaitu, yaani mama. Mtu mzima mwenye ndevu, akiniita mama mbele ya watu sokoni! Nilitembea nimeinua kidevu kama mke wa chifu.

Uncle alikuwa amefanya kazi ya kufyeka nyasi kwenye hoteli moja ya wageni karibu na bwawa la Masinga, na mgeni mmoja alipoondoka alimwachia fimbo ya kuvulia samaki yenye rili, kile kidude cha kuzungusha cha kukunjia uzi. Wenzetu pale walivua kwa nyavu, au kwa uzi uliofungwa kwenye kijiti. Rili hawakuijua. Walikuja kuiona ikizunguka, ule mkono wa waya ukilaza uzi polepole kwenye kikombe chake, wakacheka, wakasema Kimeu amepata cherehani ya samaki.

Kila Jumamosi tulikwenda bwawani, yeye na mimi. Sitaki kuipamba siku hiyo. Jua lilikuwa kali, mawe yaliunguza makalio, na mara nyingi tulirudi na tilapia wawili wembamba au bila kitu. Lakini juu ya yale mawe nilikuwa mtu. Yeye alirusha, mimi nikashika fimbo wakati akivuta sigara, na aliniuliza maswali kama anayemuuliza mtu mwenye akili: unaonaje, Mwaitu, twende upande ule wa miti? Nilichotaka duniani kilikuwa hicho kimoja, kuendelea kuwa mtu wa kwenda na Uncle bwawani. Sikuomba viatu wala sikukuu.

Na huwezi kukaa na mtu wa rili bila kujifunza mambo ya uzi. Yeye mwenyewe aliyajua kwa kuumia. Mwanzoni alikwenda kwenye hadwea moja ya Tala, duka la vifaa vya ujenzi, muuzaji akamwapia kwamba ana nailoni ambayo haikatiki hata ukivutia ng'ombe. Kweli haikukatika. Ila ilikuwa nene na ngumu, na haikukubali kulala kwenye kile kikombe cha rili. Kila alipofungua mkono wa waya, duara zote zilimrukia usoni kwa pamoja. Siku hiyo alitukana maneno ambayo nilikuja kuelewa maana yake nikiwa sekondari.

Baadaye akaelewa. Kwa rili unachagua uzi mwembamba na laini, unaokunjika bila kubishana. Hujazi kikombe mpaka mdomoni, unaacha ukingo kidogo, la sivyo uzi unamwagika wenyewe. Unapoupandisha mara ya kwanza, mtu mmoja anaubana kwa kitambaa chenye maji ili ulale umekaza, na huyo mtu nilikuwa mimi. Baada ya mizunguko michache alisimama, akalegeza, akatazama. Ukiuona unajikunja wenyewe hewani, ulikuwa unaingia na msokoto, na tuligeuza kibiringo cha uzi cha dukani upande wa pili tukaanza upya.

"Mwaitu, hii uzi si kamba ya mbuzi," alikuwa akisema. "Adui yake ni msokoto. Uzi ikisokotwa, imeisha."

Kama msokoto uliingia tayari, alitoa ndoana, akauachilia uzi mrefu nyuma yetu tukitembea kwenye nyasi, ukiburuzwa mtupu bila kitu mwishoni, mpaka ukajifungua wenyewe. Mkono wa waya aliufunga kwa kidole, hakuufunga kwa kuzungusha mpini. Jioni alinipa ncha ya uzi nikaipitisha kati ya midomo, kwa kuwa midomo ya mtoto husikia mkwaruzo ambao vidole vyake havikuusikia. Nikisikia, nilisema hapa, naye alikata bila kuuliza mara mbili. Hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kukata kitu kwa neno langu.

Susu hakula samaki. Kwake samaki alikuwa nyoka tu aliyeamua kukaa majini. Sufuria ya samaki haikuingia jikoni mwake, ilikaa nyuma ya zizi la mbuzi kwenye mafiga yake peke yake, na tulikula tukiwa tumempa mgongo. Siku nzima alikuwa kwenye kigoda chake uani, gauni limevutwa juu ya goti, akisokota makonge pajani. Aliweka nyuzi mbili, akapaka kiganja majivu, akazisukuma mbele, akazirudisha nyuma, zikatoka zimekuwa kamba moja. Paja lake lilikuwa na sehemu inayong'aa, isiyo na hata unywele, kwa kazi hiyo. Kila kitu kilichopita hapo kilitoka na nguvu. Viondo vyake vilibeba mahindi mabichi kutoka shamba la mbali na havikuwahi kukatika mshipi, hilo nalo lazima niliseme, ingawa sisemi kwa kupenda.

Sasa, uzi wa Uncle ulichakaa. Mimi mwenyewe ndiye niliyesikia mikwaruzo, mingi, karibu kila mahali. Akaung'oa wote, akauchoma ili mbuzi wasije kuumeza, na alipokwenda Nairobi akarudi na mpya. Ulikuwa na rangi ya maji ya bwawa asubuhi, na ulikuwa bado unanukia duka. Alininusisha. Kisha akanipa niuweke kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, chini ya kitanda changu.

"Mahali jua haiwezi kuiona," akasema. "Jumamosi tunaipandisha pamoja, mimi na wewe. Kuna kambare mkubwa pale kwa miti, nimemwona mgongo."

Wiki hiyo alipata kibarua cha ujenzi Tala, akawa analala hukohuko.

Siku ya tatu nilitoka shule nikamkuta Susu kwenye kigoda chake, na pajani hapakuwa na makonge. Ulikuwa uzi wa Uncle. Alikuwa ameukunja mara mbili, anausokota.

"Susu, hiyo ni ya Uncle," nikasema.

"Najua ni ya nani. Ni ya mtoto wangu." Hakuinua macho. "Ona, ni nyembamba kama nywele ya mzungu. Ikatike akivuta, aanguke kwa maji, aliwe na mamba? Mimi nimezaa mtoto aje aliwe na mamba juu ya nyoka?"

"Uncle alisema isisokotwe."

"Uncle wako amesuka kiondo lini?"

Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo akili ya mtoto ilinidanganya. Nilimtazama yule mwanamke, ambaye hata kivuli cha samaki hakukitaka, akitoa mate ili uzi wa samaki ushike, nikaona kwamba amebadilika. Nikaona amekubali. Nikaanza hata kutuona sote watatu juu ya mawe Jumamosi, Susu akiwa na kigoda chake, na nikafurahi sana. Aliponiambia nishike ncha nirudi nyuma mpaka mwisho wa ua, nilishika, kama nilivyoshika ncha za makonge tangu nijue kutembea. Nailoni haikutaka. Iliruka, ikajikunja, ikamkata kidole. Yeye aliishinda. Jioni mbili alifanya kazi hiyo bila kugusa kiondo hata kimoja, akaufunga kwenye kijiti, akaurudisha kwenye mkebe.

"Usimwambie," alisema. "Ataona mwenyewe."

Jumamosi Uncle alifika na vumbi la simiti kwenye nyusi. Hakunywa hata chai. Alikaa kwenye gogo, akaweka rili kati ya magoti, akasema, "Mwaitu, leta." Nilileta mkebe nikikimbia. Nilikuwa nacheka. Mpaka leo, katika yote, kinachoniudhi zaidi ni kwamba nilikuwa nacheka.

Akafungua. Akautoa ule uzi, akaulegeza kidogo, nao ukamrukia mkononi, ukajifunga vifundo, ukajiuma wenyewe. Kwenye kiondo, msokoto ndio nguvu. Kwenye rili uzi hutoka duara kwa duara juu ya ukingo wa kikombe, na wenye msokoto haufiki popote, unajinyonga njiani. Uncle alielewa mara moja. Niliona uso wake ukibadilika, nikaacha kucheka.

"Nani amefanya hii?"

Susu alikuwa kwenye kigoda chake, hatua chache tu, kiondo kikiwa pajani. Nilimtazama. Nilingoja aseme. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu mtu mzima akiulizwa hujibu. Mikono yake iliendelea kwenda, mbele, nyuma.

"Nani?" Uncle akarudia.

"Watoto wa siku hizi," Susu akasema, taratibu kabisa, "mikono yao haitulii."

Basi. Hayo tu. Sauti ilikuwa ileile ya kuomba chumvi.

"Ni Susu!" nikasema. "Ni Susu, Uncle, alisokota, alisema—"

Kofi lilinipata kabla sijamaliza. Hakuwa amewahi kunipiga. Mkono wake ulikuwa na simiti kavu, nilihisi chembe zake kwenye ngozi.

"Unaharibu kitu ya watu, alafu unasingizia nyanya yako?" akasema. "Mtu mzee kama huyu?"

Nilimtazama Susu tena. Nilidhani labda hakusikia vizuri, labda sasa, baada ya kofi, atafungua mdomo. Alilowesha nyuzi za makonge kwa mate, akaendelea.

Uncle alikwenda bwawani peke yake na uzi huohuo, kwa kuwa hakuwa na mwingine. Alirudi mchana. Chambo chake cha bati, alichoachiwa na yule mgeni, kilikuwa kimebaki kwenye miti, na mkononi alikuwa na bonge la uzi uliochanganyika hata huwezi kuona mwanzo wake. Alilitupa motoni. Moshi wa nailoni ukamfikia Susu akakohoa, akasema, "Pole, mwanangu." Pole! Nilikuwa nyuma ya zizi, nikaisikia.

Tangu siku hiyo sikuitwa Mwaitu. Niliitwa Agnes, jina la shuleni. Baada ya miezi alinunua uzi mwingine, akaupandisha mwenyewe, kitambaa cha maji akikibana kwa vidole vya mguu. Nilikuwa napita karibu makusudi, nikiwa na kazi na bila kazi. Hakuinua kichwa. Jumamosi niliisikia fimbo ikigonga mlango akitoka, nami nikabaki kuchuna makonge ya Susu. Jumapili iliyofuata lile kofi, Susu alinipa yai zima la kuchemsha, yeye ambaye mayai yote aliyapeleka sokoni. Aliniwekea mkononi bila neno. Nililila, nilikuwa na njaa, na hivyo nikajua kwamba anajua alichofanya, na kwamba anadhani yai linatosha.

Nimeambiwa kila kitu cha kumtetea. Alikuwa mzee. Aliona aibu kwamba kazi ya mikono yake imekuwa takataka mbele ya mtoto wake wa kiume. Alisema neno moja la haraka na hakujua jinsi ya kulirudisha. Yote yanaweza kuwa kweli. Mimi pia niliona aibu, na nilikuwa mtoto, na hakukuwa na mtu wa kunitetea kwa umri wangu. Niliishi naye miaka mingine mitatu kabla mama hajanichukua Athi River. Kila siku ya miaka hiyo alikuwa na mdomo na alikuwa na nafasi. Nilimchukia. Nilimbebea maji, nikamkanda miguu, nikamsomea Biblia, na nilimchukia wakati wote huo.

Uncle sikumchukia. Hilo ndilo jambo. Nilimhurumia. Nilimwona kama mtu aliyedanganywa, na nilikuwa na mpango, wa kitoto lakini niliutunza hadi utu uzima, kwamba siku moja Susu atasema ukweli, Uncle atashika kichwa, ataniita tena lile jina.

Susu alifariki bila kusema. Tulimzika mwezi uliopita, na baada ya watu wa kanisa kumaliza, tukakaa kwenye viti vya kukodi kula pilau. Uncle Kimeu alikuja akakaa karibu nami, mguu wake mmoja haukunjiki siku hizi. Alikula kwa muda, kisha akacheka peke yake.

"Agnes, unakumbuka ile uzi mama alinisokotea?"

Kijiko changu kilibaki hewani. "Nani alisokota?"

"Si ni mama." Alikuwa akitafuta nyama kwa ulimi katikati ya meno. "Nilijua hiyo siku hiyo. Msokoto ilikuwa sawa toka mwanzo mpaka mwisho. Hiyo ni mkono ya mama kabisa. Mtoto wa darasa la tano angeweza?"

"Ulijua kabla ya kunipiga au baada?"

"Kabla. Nilijua nikishaishika tu." Alisema bila haya yoyote, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. "Sasa ningefanya nini? Mama amesema ni wewe. Nimwambie mama yangu mzazi, mbele ya mtoto, wewe ni mwongo? Ilibidi mtu apigwe ndio hiyo maneno iishe."

"Na bwawani? Mbona hukunichukua tena?"

"Ningekuchukua, mama angejua najua." Akanipiga bega kidogo. "Wewe ulikuwa mtoto, na mtoto anasahau."

Nilitazama ule mkono kwenye bega langu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemwekea mtu huyu nafasi safi moyoni, nikaiziba kwa hasira yangu kwa Susu ili isichafuke. Alinitoa pale juu ya mawe akiwa anajua. Wote wawili walijua, kila mmoja akimficha mwenzake, na katikati yao niliwekwa mimi ili wasiangaliane. Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga. Niliiweka sahani ya pilau chini ya kiti.

Yeye alikuwa ameshaendelea na mambo yake.

"Nikuambie," akasema, "ukikuja Disemba niletee uzi ya Nairobi, ile nyembamba, laini. Hii ya Tala inanisumbua sana."

"Mwombe mama yako," nikasema.

Nilisema kwa sauti, na kaburi lilikuwa bado bichi, pale pale nyuma ya hema. Shangazi zangu waliacha kutafuna. Mimi nikachukua mkoba wangu nikatoka hadi barabarani kutafuta boda boda.